Misri Si ya Matajiri Peke Yao



Kila mwaka chama chetu cha Kiswahili kinapojadili ziara, maneno ni yaleyale. Huyu ataka Mombasa, yule ataka Fort Jesus (ambayo iko papo hapo Mombasa, ndugu yangu!), na mwingine ataka turudi kuliona jiwe la Nzambani, lile ambalo wazee husema ukilizunguka mara saba mvulana anageuka msichana. Mimi nikitaja Misri watu hucheka. Ati Misri ya nani, kwani wewe ni mzungu? Haya, chekeni. Maoni yangu ni kwamba kijana wa Kitui au Makueni anaweza kwenda Misri likizo kwa pesa zake mwenyewe, bora apange mapema na apange pamoja na wenzake.

Niulize kwanza: kwa nini huku kwetu pasipoti ni kitu cha kazi tu? Siwasemi vibaya wanaokwenda Saudia na Qatar, maana karo ya baadhi yetu humu yatoka huko. Lakini kijana akionekana na pasipoti, kijiji kizima chajua anakwenda kufagia nyumba ya mtu au kulinda lango. Kwamba anaweza kupanda ndege akatazame tu, aulize maswali, ale, arudi, hilo halimjii mtu akilini. Mzungu naye hushuka Mtito Andei akielekea Tsavo na hakuna amwulizaye ana shughuli gani.

Tena Misri yatuhusu sisi kuliko watu wa Kericho. Sisi hulia mvua. Ndengu zikikauka Kyuso, au maembe yakipukutika kule Wote, tunasema Mungu ametusahau. Sasa fikiria: Kairo hupata mvua isiyofika hata milimita 30 kwa mwaka mzima! Hata Kyuso ni bustani ukilinganisha. Na bado watu hao wanalima ngano, mpunga na pamba, kwa sababu ya mto mmoja ambao sehemu ya maji yake hutoka ziwa letu la Victoria. Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika 1970. Sisi tuna mradi wa bwawa la Thwake mpakani mwa Makueni na Kitui, ambao ujenzi wake ulianza 2018. Je, si vizuri mwana wa mkulima ajionee kwa macho maji yanavyogawanywa mferejini, kuliko kusomewa katika somo la jiografia? Piramidi za Giza tutaziona, lakini mimi hasa nataka kuiona mifereji.

Haya, tuje kwenye pesa, ndipo wengi wanapokimbilia. Kwenda kwa barabara sahau. Mpaka Moyale ni lami tupu na Ethiopia inapitika kwa taabu zake, lakini Sudan imo vitani tangu Aprili 2023. Kwa hiyo ni ndege, na tiketi ndiyo mzigo wenyewe. Katika makisio yangu nimeiwekea shilingi 80,000 kwenda na kurudi. Pasipoti, viza na chanjo ya homa ya manjano nimeviwekea 20,000. (Ile kadi ya chanjo usiipoteze, tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yako yote.) Siku nane za kula, kulala na kuzunguka, 4,000 kwa siku, ni 32,000. Akiba ya dharura 8,000. Jumla 140,000.

Najua, umeshafunga gazeti! Fungua tena. Gawanya kwa miezi hamsini: 2,800 kwa mwezi. Si kidogo, sitadanganya mtu. Lakini hata hiyo 4,000 ya siku inaweza kupungua. Pauni ya Misri ilishuka sana thamani Machi 2024, kwa hiyo mgeni anayebadilisha dola hula kwa bei nafuu. Chakula chao cha mtaani huitwa koshari: wali, dengu, makaroni na mchuzi wa nyanya, na vitunguu vya kukaanga juu. Aliyekulia isyo na muthokoi atashindwa wapi na koshari? Ndani ya Kairo kuna metro, treni ya chini ya ardhi iliyoanza 1987, ya kwanza barani Afrika. Mwenye kitambulisho cha mwanafunzi cha kimataifa hulipa nusu ya kiingilio sehemu nyingi za kale. Mgeni hutozwa zaidi ya mwenyeji, ndiyo, na sisi tunawafanyia wao hivyohivyo Tsavo, kwa hiyo tusinung'unike.

Wakati nao ni pesa. Agosti kule Luxor ni tanuri. Novemba hali ya hewa ni nzuri, na kabla ya shamrashamra za Krismasi kupandisha bei za tiketi. Nunueni mapema.

Sasa, 2,800 itoke wapi? Mwalimu mmoja aliniambia mtembezi hula miguu yake, na kwamba ni aibu kuota piramidi wakati mzazi anauza mbuzi alipe karo. Namheshimu, na kuhusu mbuzi yuko sahihi kabisa. Ndiyo maana sisemi tuombe nyumbani hata senti. Nasema tuanze tukishatoka shule, kila mtu akishapata kibarua, awe anaendesha boda, anauza duka, au analipwa posho chuoni. Wazazi wetu walijenga mabwawa ya mchanga kwa mwethya, mawe kichwani, mwaka baada ya mwaka. Mwethya huohuo unaweza kujenga safari. Ila tusifanye mzunguko wa kupeana, kwa sababu wa kwanza kupokea atanunua simu na Misri itaishia hapo. Pesa zikae kwenye Sacco, watu watatu waweke sahihi, na kila mwaka makisio yapigwe upya, maana shilingi haitabiriki: Januari 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 130.

Na atakayekwama katikati, pengine mama ameugua au ndugu amefukuzwa karo, arudishiwe hela zake zote bila kuulizwa maswali. Hiyo iwe sheria ya kwanza kuandikwa. Bila hiyo hata mimi sijiungi.

Daftari la majina liko kwa katibu wa chama. Wa kidato cha nne wajiandikishe kabla ya mtihani, kwani ukiisha kila mtu atashika njia yake, huyu Mwingi, yule Kibwezi, na kupatana itakuwa shida.