Mkate Haukuzaliwa na Ngano

Mwenye kutaka kujifunza kuoka mkate nyumbani kwake Makole, mjini Dodoma, aghalabu hufunzwa mambo matatu kabla hajagusa unga: kwamba mkate ni ngano, kwamba hauokeki pasipo jiko lenye tanuri, na kwamba mtama ni wa ugali na pombe tu. Yote matatu ni makosa. Kosa la kawaida la jikoni huharibu mkate mmoja. Makosa haya huharibu heshima ya nafaka nzima, na pamoja nayo kumbukumbu ya lugha.

Lugha yenyewe na iitwe itoe ushahidi. Kiswahili hakikupata kulifunga neno mkate kwenye gunia la ngano. Mkate wa kumimina ni wa mchele na tui. Mkate wa tumbaku hauna unga hata chembe. Na mkate wa mofa, makamusi ya zamani yanaueleza kuwa ni wa unga wa mtama. Ni nani basi aliyewaambia watu wa mwambao kwamba mtama ni chakula cha bara, cha wasiokuwa na kitu? Mzee wa pwani anayeukunjia uso leo huenda anaukana mkate wa bibi yake. Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wa tumbo hauonekani kwa macho.

Dodoma ni nchi ya mvua ya msimu mmoja, yenye wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Mtama na uwele ndizo nafaka zilizozoeana na ardhi hiyo, na Wagogo walizilima karne nyingi kabla ya uamuzi wa 1973 wa kuufanya mji huo kuwa makao makuu ya nchi. Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa nguvu mwaka 2016, wageni walimiminika pamoja na kiamshakinywa chao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Amepona nini mwenyeji ikiwa mtama wa shambani kwake hauna nafasi juu ya meza ya chai?

Ngano, kwa upande wake, si nafaka isiyo na historia. Huko Hanang, katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba makubwa ya ngano yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada yaliyameza malisho ya wafugaji wa Kibarabaig. Hata hivyo nchi haikujitosheleza, na hadi leo sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania hutoka ng'ambo. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote. Ni busara gani kuufunga mkate wa mtoto wa Makole kwenye bandari za Bahari Nyeusi, ilhali mtama unasimama shambani, mwendo mfupi kutoka mlangoni pake?

Watetezi wa ngano wana hoja moja ya kweli: mtama hauumuki. Ngano ikikandwa hufanya utando unaonyumbuka, uitwao glutini, nao huinasa hewa ya hamira. Mtama hauna utando huo. Mkate wake mtupu huwa mzito na hupukutika. Lakini hoja hii ni ya ufundi, si hukumu ya kufukuzwa jikoni. Sehemu moja ya unga wa mtama mweupe huchanganyika vyema na sehemu nne za ngano. Unga huo wa mtama ukichomwa kwanza kwa maji ya moto hadi uwe kama uji mzito, kisha ukaachwa upoe kabla ya kutiwa hamira, hushikamana vizuri zaidi. Mafuta ya alizeti ya nyanda hizo hizo hushika mahali pa tui. Na tanuri? Wapishi wa visiwani wameoka miaka nenda miaka rudi kwa makaa juu ya kifuniko na makaa chini ya sufuria. Elimu hiyo haihitaji waya wa umeme kufika Makole.

Wapo pia wasemao kwamba mtama ni chakula cha njaa. Hao na waisome njaa ya Mtunya, iliyoiangamiza Ugogo kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya Vita Kuu yalikuwa yamechukua nafaka na ng'ombe, kisha mvua ikakosekana. Mtama haukuileta njaa ile. Mtama ulikuwa miongoni mwa vilivyoporwa. Kumpa aliyeporwa jina la mwizi ni dhulma, hata kama aliyeporwa ni nafaka.

Hakuna anayetaka boflo ipigwe marufuku. Kinachodaiwa ni kidogo na ni haki: anayefunza kuoka Makole aanze na kilichomo ghalani mwa mwenyeji, na mwambao uusimulie tena mkate wa mofa bila haya. Somo likianzia dukani, mwanafunzi hutoka na mkate mmoja na deni la mwingine. Likianzia ghalani, hutoka na mkate, na jina lake pia.