Kodi ya miezi sita isimeze mtaji

Tangu mkongo wa Seacom uanze kazi Julai 2009, kijana wa Pugu anaweza kumtengenezea tovuti mteja wa Kariakoo, au hata wa London, bila kupanga ofisi mjini. Hana tena sababu ya kung'ang'ania chumba cha bei kubwa Kinondoni.

Hata hivyo, kuhama kuna gharama zake. Kipato cha anayejitegemea ni cha msimu kama cha mkulima: mwezi huu kazi tatu, mwezi ujao hakuna. Mwenye nyumba naye mara nyingi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tuseme chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Zinatakiwa 360,000 kabla hajabeba godoro. Zikitoka kwenye fedha za kompyuta na intaneti, amekula mbegu. Mchuuzi wa mnada wa mifugo wa Pugu analijua hilo: mtaji ukiliwa, biashara imekwisha.

Tunashauri adai nusu ya malipo kabla ya kuanza kazi, na atenge fungu la pango kila anapolipwa. Wenye nyumba wakubali miezi mitatu mitatu. Nawe mfanyabiashara uliyeagiza tovuti, lipa kwa wakati. Deni lako ndilo kodi yake.