Mogeji: fomula haina kosa, tatizo ni maswali ya mlangoni

Wadau, leo tuweke kando habari za simu mpya. Nataka tuongee kuhusu mkopo wa nyumba, mogeji kwa Kiswahili chetu cha Nairobi. Ukiitazama kwa jicho la mwandishi wa programu, mogeji ni programu fupi sana.

Inahitaji vitu vitatu tu: kiasi cha mkopo, riba na miaka. Ilishe shilingi 2,000,000, riba ya asilimia 14 na miaka 20. Itakujibu kwamba ulipe kama 24,900 kila mwezi. Teremsha riba hadi asilimia 9, jibu linakuwa 18,000 hivi. Ndiyo maana serikali imekazana na riba.

Kwa nini riba huwa juu? Benki hukusanya akiba ambayo wenyewe wanaweza kuja kuitoa kesho asubuhi, halafu wewe unataka ikukopeshe kwa miaka 20. Hiyo ni hatari, na hatari hulipiwa. Kwa sababu hiyo mwaka 2018 iliundwa Kenya Mortgage Refinance Company. Yenyewe haimkopeshi mwananchi. Huzikopesha benki na vyama vya akiba na mikopo pesa za muda mrefu kwa riba nafuu, ili navyo vimkopeshe mwananchi kwa riba iliyo chini ya asilimia 10. Ni wazo zuri, nalipongeza.

Lakini tazama hesabu hii: mwishoni mwa 2023 Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba kama 30,000 tu, ilhali sensa ya 2019 ilipata kaya milioni 12. Riba peke yake haielezi pengo kubwa hivyo.

Kabla fomula haijaanza kazi, mlangoni kuna maswali mawili: karatasi ya mshahara iko wapi? Hati miliki iko wapi?

Twende Kibera. Sehemu kubwa ya ardhi ile ni ya serikali, kwa hivyo aliyejenga vyumba vya mabati pale hana hati ya kuweka rehani. Hata Wanubi, walioishi hapo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, walipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Tuvuke hadi Kawangware. Huko ardhi nyingi ina wenyewe, na hati zipo, ila ziko kabatini kwa landilodi. Mama mboga wa Kibera na fundi wa Kawangware wakifika benki, jibu ni moja: hapana.

Na bado watu hawa wanalipa kodi kila mwezi, miaka nenda miaka rudi, wengi wao kwa M-Pesa. Kila malipo yana tarehe, saa na kiasi. Tangu M-Shwari ianze mwaka 2012 tumeona kumbukumbu za simu zikitosha kumkopesha mtu bila dhamana. Zinatosha kwa mkopo wa mwezi mmoja. Kwa nini miaka kumi ya kodi isihesabiwe mtu anapotaka nyumba?

Utaniambia nyumba ni pesa nyingi, lazima pawe na dhamana. Kweli. Basi nyumba yenyewe iwe dhamana: mtu aingie kama mpangaji, alipe kidogo kidogo, hati abaki nayo mkopeshaji mpaka deni liishe. Kisha kumbuka sheria ya nyumba nafuu ya 2024. Inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Asiye na mwajiri naye anadaiwa asilimia 1.5 ya kipato chake. Kama sheria inatambua kipato cha mama mboga wakati wa kumtoza, ikitambue pia wakati wa kumkopesha.

Tahadhari moja. Tunajua programu za mikopo zilizowapigia simu jamaa za wadaiwa kuwaaibisha, mpaka Benki Kuu ikatoa kanuni mwaka 2022. Kwa hiyo kumbukumbu za kodi azitoe mpangaji mwenyewe kwa hiari yake, zisomwe za kodi tu, na akikataliwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa.

Kuandika programu ya namna hiyo si kazi ngumu. Kinachokosekana ni mtu wa kubadilisha maswali ya mlangoni. Au nyie mwaonaje?