SGR Imegota Naivasha: Wamarekani Walimaliza Ngori Kama Hii kwa Siku Mbili

Kontena likitoka Mombasa na SGR likielekea Uganda, linafika Naivasha linashushwa. Kreni inalipandisha treni ya zamani ama lori, ndio liendelee Malaba. Mbona? Reli ya mkoloni, iliyoanza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, ina upana wa milimita 1,000. SGR ni 1,435. Treni ya huku haiwezi kukanyaga kule. Na kila kushusha-kupandisha ni doo, na ni masaa.

Sasa skia hii. Marekani walikuwa na ngori hiyo hiyo. Kusini, reli nyingi zilikuwa na upana wa futi 5. Kaskazini, wengi walitumia futi 4 na inchi 8 na nusu. Februari 1886, kampuni za kusini ziliketi Atlanta zikakubaliana: tunahama wote, siku moja, hadi futi 4 na inchi 9. Hiyo nusu inchi iliyobaki haikusumbua treni.

Misumari mipya ilipigwa mapema, kila kitu kikawekwa tayari. Mei 31 na Juni 1, treni zikasimama, maelfu ya wasee wakasukuma chuma cha upande mmoja inchi 3 ndani. Kama kilomita 18,000 za reli, siku mbili, kazi kwisha.

Usidhani tunaweza kufanya hivyo hapa. Tofauti yetu ni karibu nusu mita, mataruma ya zamani ni mafupi na kona ni kali. Lazima reli mpya ijengwe. Lakini kilichowaokoa wale si nyundo, ni kukubaliana tarehe na kuiheshimu.

Sisi tulizindua SGR Mei 31, 2017, miaka 131 kamili baadaye, bila jirani kuwa tayari. Uganda ilisaini na Yapi Merkezi ya Uturuki Oktoba 2024, Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Tanzania nayo ilianza kubeba abiria Dar hadi Dodoma 2024, upana ule ule wa 1,435. Mzigo wa Rwanda na Burundi una njia mbili za kuchagua.

Kwa hivyo mwanasiasa akikuhesabia kilomita, muulize swali moja tu: sisi na Uganda tunakutana Malaba tarehe gani? Una haki ya kuuliza. Tozo ya reli imekuwa kwa bei ya vitu vinavyotoka nje tangu 2013, na anayeilipa ni wewe.