Asiyehesabiwa Hapati Chanjo



Tangu mwaka 2020 magonjwa ya mlipuko yamekuwa yakibisha hodi mkoani kwetu Kagera moja baada ya jingine. Ulianza ugonjwa wa korona, yaani UVIKO-19. Machi 2023 ikaja Marburg katika Wilaya ya Bukoba Vijijini. Januari 2025 Marburg ikarudi, safari hii Biharamulo. Majirani zetu nao hawakupumzika: Uganda walipata Ebola Septemba 2022 na tena Januari 2025, na Rwanda walipata Marburg Septemba 2024. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tumekaa katikati ya hayo yote. Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, Karagwe inapakana na Rwanda, na kinachotutenganisha nao kwa sehemu kubwa ni Mto Kagera tu. Mto huo haujawahi kuuzuia ugonjwa kuvuka.

Kila unapotokea mlipuko, watu huuliza maswali mawili, iwe msibani, sokoni Omurushaka au nje ya kanisa baada ya Misa. La kwanza: wagonjwa ni wangapi? La pili: chanjo itakuja lini? Wengi huyaona kuwa maswali mawili tofauti. Maoni yetu katika ukurasa huu ni kwamba la pili linategemea la kwanza. Watu ambao wagonjwa wao hawahesabiwi ndio wanaofikiwa na chanjo mwishoni, na pengine inapowafikia hawana tena hamu nayo.

Somo la korona

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Serikali ilitoa takwimu hadi zilipofikia wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo takwimu za taifa zilinyamaza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ng'ambo ya mto wenzetu waliendelea kutangaziwa hesabu zao, na wale wanaosikiliza redio za Uganda walijua hali ya Mbarara kuliko walivyojua hali ya Kayanga.

Kipindi hicho misiba haikukoma. Januari 2021 Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliandika barua ya kuwatahadharisha waamini juu ya wimbi jipya la ugonjwa. Machi mwaka huohuo Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alitangaza kwamba zaidi ya mapadre 25 na masista 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili, wakiwa na matatizo ya kupumua. Kanisa halikuwa na maabara. Lilichofanya ni kuhesabu marehemu wake na kusema idadi yao hadharani, na wengi waliosikia idadi hiyo walianza tena kunawa mikono na kuvaa barakoa.

Sasa tuangalie chanjo. Kenya, Uganda na Rwanda zilipokea chanjo za mpango wa COVAX mwanzoni mwa Machi 2021. Uganda ilipata dozi 864,000 na kuanza kuchanja Machi 10. Sisi tulikuwa hatujajiunga na mpango huo. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan ilitoa taarifa yake Mei 2021, ikashauri mambo mawili kwa pamoja: takwimu zitolewe, na nchi ijiunge na COVAX. Tunaomba msomaji azingatie kwamba mambo hayo mawili yalipendekezwa pamoja. Julai 24, 2021 zikaja dozi 1,058,400 za Janssen kutoka Marekani, na siku nne baadaye Rais akachanjwa mbele ya watu wote. Kwa nchi ya watu wapatao milioni 60, hiyo ilikuwa dozi moja kwa watu zaidi ya 50. Wenzetu walikuwa wametutangulia kwa zaidi ya miezi minne.

Si kwamba wenzetu hawakuwa na shida. Nchi nyingi za Afrika zilitegemea chanjo iliyotengenezwa India, na India ilipozidiwa na wagonjwa wake mwaka 2021 ikazuia chanjo kutoka nje. Uganda ikaishiwa wakati wimbi kali la Juni linapanda. Malawi nayo, Mei mwaka huo, iliteketeza hadharani dozi 19,610 zilizopita muda wake. Kwa hiyo chanjo yaweza kuadimika mahali pamoja na kuoza mahali pengine mwezi uleule. Kinachoweza kupunguza hasara hiyo ni kujua mapema nani anaumwa, wapi, na nani yuko tayari kuchanjwa.

Hesabu yenyewe inasomwaje

Wapo wanaosikia idadi ya wagonjwa na kuogopa tu, bila kuielewa. Tutoe mfano rahisi. Kata moja ina watu 10,000 na wagonjwa watano. Kata nyingine ina watu 40,000 na wagonjwa kumi. Anayetazama haraka atasema kata ya pili ndiyo yenye hatari, kwa kuwa ina wagonjwa wengi. Lakini tukihesabu kwa kila watu 100,000, kata ya kwanza ina wagonjwa 50, na ya pili 25. Kata ndogo imeshambuliwa mara mbili zaidi, na ndiyo inayostahili kupelekewa dawa, wahudumu na chanjo kwanza.

Sisi tunaoishi pembezoni tunahitaji sana hesabu ya namna hii. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Kagera ulikuwa na watu 2,989,299. Ikitolewa hesabu moja tu ya mkoa mzima, wagonjwa wachache wa Murongo au Nyaishozi humezwa humo wasionekane. Ikitolewa kwa kata, wanaonekana.

Wanane waliochelewa kuhesabiwa

Marburg imetufundisha zaidi. Mwaka 2023 serikali ilitangaza Machi 16 kwamba kuna ugonjwa usiojulikana Bukoba Vijijini, na Machi 21 ukatajwa kwa jina. Waliougua walikuwa 9, wakiwamo watumishi wa afya, na 6 kati yao wakafariki. Zaidi ya watu 200 waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa mmoja mmoja. Juni 2 ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Hii ni kazi ya kujivunia. Ugonjwa mkali kuliko korona ulikomeshwa bila chanjo yoyote, kwa kuhesabu watu na kuwafuatilia.

Mwaka 2025 hali ilikuwa tofauti. Januari 14 Shirika la Afya Duniani lilieleza wasiwasi juu ya wagonjwa mkoani Kagera. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg. Januari 20 Rais mwenyewe, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo, Daktari Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba ugonjwa umethibitishwa Biharamulo. Mlipuko ulipofungwa Machi 13, hesabu ilikuwa wagonjwa 10, na wote walikufa. Wawili tu ndio waliothibitishwa na maabara. Wanane waliobaki walikwisha kufa kabla ugonjwa haujathibitishwa, wakahesabiwa baadaye kwa kufuata dalili zao na watu waliokutana nao.

Hao wanane ndio wanaotufanya tuandike makala haya. Kila mmoja wao aliuguzwa na mtu. Kama mgonjwa wa kwanza au wa pili angetolewa taarifa mapema, huenda wengine wangepona au wasingeambukizwa kabisa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika Marburg kifo hakimuumbui mgonjwa peke yake, kinamfuata hata aliyemwosha.

Chanjo iliyoidhinishwa ya Marburg haipo hadi sasa. Lakini Rwanda walipotangaza mlipuko wao Septemba 27, 2024, haikuchukua wiki mbili kabla dozi za chanjo ya majaribio hazijafika Kigali na watumishi wa afya kuanza kuchanjwa. Wagonjwa wao walikuwa 66, waliofariki 15. Chanjo ile ilitumwa haraka kwa sababu mlipuko ulitangazwa haraka.

Msaada haupo kama zamani

Jambo jingine linatutia wasiwasi. Siku ileile Marburg ilipotangazwa, Januari 20, 2025, Rais mpya wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje na nyingine ya kuitoa nchi yake katika Shirika la Afya Duniani. Juni mwaka huohuo Marekani ikatangaza kuacha kuchangia GAVI, mfuko unaosaidia nchi kama yetu kupata chanjo nyingi za watoto. Afrika yenyewe huagiza kutoka nje karibu chanjo zote inazotumia, na lengo la Umoja wa Afrika la kutengeneza asilimia 60 ya chanjo zake limewekwa mwaka 2040. Bado tuna safari.

Kukiwa na kidogo, mgawaji huwa mkali. Hutazama idadi ya walengwa, dozi zilizotumika safari iliyopita na zilizoharibika. Zahanati ambayo vitabu vyake vya MTUHA vina mapengo haina cha kujitetea. Na chanjo yenyewe haisafiri kama gunia la maharage. Yapasa ikae kwenye baridi kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba, kisha wilayani, kisha kwenye jokofu la zahanati. Kichupa cha Janssen kilikuwa na dozi tano, na kikifunguliwa kilipaswa kwisha ndani ya saa sita. Wakitokea watu wawili, dozi tatu zinamwagwa. Muuguzi anayejua mapema idadi ya watakaokuja hamwagi kitu.

Je, hesabu zinatisha watu?

Wapo wanaosema kwamba kutangaza wagonjwa kunaleta hofu, kunafukuza wanunuzi wa kahawa na kufunga minada. Hoja hii haifai kubezwa, maana njaa nayo inaua. Lakini kimya hakiondoi hofu, kinaikabidhi kwa wazushi. Pasipo na idadi ya kweli, kila msiba unakuwa wa korona na kila homa inakuwa Marburg. Idadi ya kweli humwezesha mtu wa Nkwenda kujua kwamba ugonjwa uko Biharamulo na kwamba shamba lake laweza kuendelea.

Wengine wanaogopa aibu, na hawa tunawaelewa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na familia nyingi bado zinakumbuka kunyoshewa vidole. Kwa hiyo tuseme wazi: tunachodai ni idadi, majina yabaki siri ya mgonjwa na mganga wake. Anayetangaza jina la mgonjwa barazani anamfundisha jirani yake kuficha.

Tunachoomba

Kwa viongozi wa wilaya zetu mbili tunaomba haya. Wakati wa mlipuko, idadi ya wagonjwa kwa kila kata ibandikwe kila wiki kwenye zahanati na ofisi za vijiji, na isomwe makanisani na misikitini. Pia ibandikwe idadi ya dozi zilizopokelewa, zilizotumika, zilizobaki na tarehe ya mwisho ya matumizi. Hospitali za makanisa za Nyakahanga, Nyakaiga na Isingiro zihesabiwe sawa na za serikali katika mgawo, kwa kuwa wagonjwa ni walewale.

Kwetu sisi waamini, kazi inaanza katika jumuiya ndogo ndogo. Hakuna mwenyekiti wa jumuiya asiyejua ni nyumba ipi ina mgonjwa. Akisikia homa kali yenye kutapika, kuharisha au kutoka damu, au vifo viwili mfululizo katika nyumba moja, amweleze mhudumu wa afya wa kijiji siku hiyohiyo, au apige simu ya bure ya Wizara ya Afya, namba 199. Maiti ya aliyekufa kwa dalili hizo isioshwe nyumbani kabla wataalamu hawajafika. Mgeni aliyevuka kutoka ng'ambo akiugua asifichwe wala asifukuzwe, apelekwe zahanati. Na chanjo ikifika, tujitokeze. Baba Mtakatifu Fransisko alitukumbusha Agosti 2021 kwamba kuchanjwa ni tendo la upendo, na upendo huo ni kwa mzee wa jirani kwanza kabla ya nafsi zetu.

Yule mchungaji wa Injili alijua kwamba kondoo mmoja amepotea kwa sababu aliwahesabu wote mia. Asingewahesabu, angelala usingizi mzuri, na yule mmoja angekufa porini. Wagonjwa wa Karagwe na Kyerwa nao wahesabiwe wangali hai.