Hamira Haishiki Nafasi ya Majani



Siku ya mshahara mchuuzi alifika kambini kwetu, kwenye mashamba ya chai upande wa Lugazi, Uganda, akiuza pakiti za hamira ya ng'ombe. Alituahidi maziwa maradufu. Baadhi yetu tulichukua kwa mkopo. Mwezi umekwisha, maziwa ni yale yale, na deni liko pale pale.

Hatusemi kuwa hamira ni uongo. Ni ya jamii ile ile inayoumua mkate na kuchachusha bia. Ikiwa hai, ndani ya tumbo kubwa la ng'ombe humaliza ile oksijeni kidogo iliyomo, na vijidudu vinavyoyeyusha majani hustawi. Hupunguza pia asidi inayoletwa na kula nafaka nyingi. Kwa hiyo faida yake huonekana zaidi kwa ng'ombe wanaolishwa nafaka kwa wingi. Hata hivyo, majaribio mengi yalipojumlishwa mwaka 2009, nyongeza ya maziwa kwa wastani haikufika lita moja kwa siku.

Je, ng'ombe wetu wanakula nini? Majani makavu ya kando ya barabara na ndoo mbili za maji! Katika kila sehemu 100 za maziwa, kama 87 ni maji. Ng'ombe wa kisasa anayekamuliwa huweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Hamira itasaidia nini tumboni mwenye njaa na kiu? Tena, ikiwekwa kwenye joto la nyumba ya bati, hufa.

Maoni yetu ni haya. Kwanza maji, pili majani ya kutosha, tatu pumba na mashudu. Hamira ije mwisho, tena kwa ushauri wa bwana mifugo.

Kwa hiyo tudai bomba la maji karibu na mabanda, na kipande cha ardhi isiyopandwa chai tuoteshe majani ya tembo. Nanyi wenzetu wa viwandani, molasi ya Lugazi na Kakira na machicha ya bia ya Jinja yanapita mikononi mwenu. Tusaidieni kudai tuuziwe kwa bei ya kiwandani. Mmoja mmoja tutaishia kununua pakiti za mchuuzi, lakini tukichanga pamoja tutanunua lori zima.

Umoja ni nguvu.