Kizazi kisitolewe kabla ya kuchunguzwa

Mhariri,

Huku kaunti za Kitui na Makueni, mwanamke anayetokwa na hedhi nyingi mara nyingi huambiwa mawili: ameze vidonge vya kuongeza damu, au kizazi kitolewe. Nenda soko la Kalundu utamwona, leso nyeusi juu ya sketi, pedi mbili kwa mpigo, hathubutu kuinuka kigodani mteja akiwapo. Mama yake alikuwa hivyo hivyo, atakuambia, kana kwamba jibu hilo ni tiba.

Madaktari huiita hedhi nyingi ikipita mililita 80 kwa mwezi, lakini nani anapima? Kuloanisha pedi kila saa, kutokwa na mabonge, kuishiwa pumzi ukipanda kilima: hizo ni dalili tosha. Mara nyingi chanzo ni fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi. Ile iliyochomoza ndani ya mfuko wa uzazi huweza kuondolewa kwa kamera nyembamba inayopitishwa ukeni, bila kupasua tumbo, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kuna pia kuunguza utando wa ndani, ingawa hiyo ni kwa asiyetaka kuzaa tena. Koili ya homoni nayo hupunguza damu sana bila upasuaji wowote.

Makueni ilijenga pale Wote Hospitali ya Mama na Mtoto yenye vitanda 200. Lakini jengo pekee halitoshi; naomba kaunti zote mbili zitutangazie: kamera hiyo ipo wapi, nani amefunzwa kuitumia, na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) inalipa kiasi gani?

Msomaji,
Kitui Mjini